Sauti Iko Kwenye Mstari wa Kahawia

Mwezi huu nimepokea barua nne zinazohusu jambo moja: mikanda ya sinema za nyumbani, ile midogo ya Super 8 yenye sauti ya sumaku, ambayo watu wameanza kubadilishana kama wanavyobadilishana redio za zamani na saa za ukutani. Nimeziweka zote hapa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye barua amepewa siku kumi tu za kuamua.

*Shikamoo Mzee. Marehemu baba alikuwa baharia. Mwaka 1978 alirudi na kamera ya sinema na projekta alivyonunua Hamburg, na kwa miaka kadhaa alitupiga picha hapa Tanga: harusi ya shangazi, sikukuu za Idi, sisi watoto tukioga Raskazone. Ameacha mikanda tisa, na projekta haizunguki tena. Kuna bwana anayekusanya vitu vya kale ametaka tumpe vyote, mikanda na mashine, naye atupe simu mpya. Anasema mikanda haina kitu, imeshakufa. Kaka zangu wamekubali na wengine wanasema tukate tubaki na vipande vya harusi tu. Nifanyeje?*
*Binti wa Baharia, Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mzazi. Usimpe. Kuna jambo la kufanya kwanza, na halihitaji mashine wala fedha.

Nawa mikono, ikaushe vizuri. Chukua mkanda mmoja, ufungue urefu wa mkono, uushike kwenye kingo zake na uuinamishe mbele ya dirisha. Upande mmoja utaona vitundu vidogo, kimoja kwa kila picha. Sasa tazama ukingo wa upande wa pili. Ukiona mstari wa kahawia usiopitisha mwanga, upana wake haufiki milimita moja, hiyo ni sumaku. Ni unga ule ule wa oksidi ya chuma uliopakwa kwenye kaseti za muziki. Huenda ukaona na mstari mwingine mwembamba zaidi upande wa vitundu; huo uliwekwa ili mkanda ukizungushwa usilale upande mmoja. Mstari mkuu ukiwepo, huyo bwana hana haki ya kukwambia mkanda hauna kitu, maana hakuna jicho linaloweza kusoma kilichomo.

Kodak walitoa Super 8 mwaka 1965 ikiwa bubu. Filamu inayorekodi sauti ndani ya kamera ilikuja 1973. Kwa hiyo kamera ya mwaka 1978 inaweza kabisa kuwa ya sauti. Kaseti moja ya filamu ilikuwa na mita 15, na kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde ilikwisha kwa dakika 3 na sekunde 20. Kwa mwendo wa picha 24 ilikuwa dakika mbili na nusu tu. Mtu mwenye dakika tatu mkononi hawashi kamera ovyo. Kila alichopiga baba yako alikichagua. Na kumbuka Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Watu wa kawaida wa Tanga wa mwaka 1978, sura zao zikitembea na sauti zao zikisikika, utawapata wapi kama si kwenye masanduku kama hilo lako?

Hata ukigundua kamera yake ilikuwa ya bubu, usikate tamaa. Zamani mtu aliweza kupeleka filamu iliyokwisha kusafishwa maabara, ikapakwa mstari wa sumaku baadaye, kisha akakaa nyumbani na maikrofoni ya projekta akasimulia huku picha zinapita. Nimewahi kusikia mkanda wa namna hiyo wa mzee mmoja wa Pangani. Picha ni za mashua na mnazi. Sauti ni yake, miaka kadhaa baadaye, akitaja majina ya waliomo mmoja mmoja, na nyuma yake mtoto anauliza, "Na mimi nipo wapi?" Anamjibu, "Wewe bado." Picha peke yake isingetupa hilo.

Sasa mashine. Usiichomeke kwenye umeme kujaribu bahati. Projekta iliyolala miaka mingi kwa kawaida ina belti iliyolegea au kuyeyuka, magurudumu ya mpira yaliyokauka, na grisi iliyoganda kama nta. Mtafute fundi aliyewahi kutengeneza redio kaseti. Kazi ni ile ile. Mwambie asafishe hedi ya sauti, kile kichwa kinachosoma sumaku, kwa spiriti na pamba, na aondoe usumaku uliobaki kwenye hedi, la sivyo kila mkanda utakaopita utaachiwa mkwaruzo wa kelele. Spiriti ni ya hedi, si ya mkanda. Mkanda futa kwa kitambaa laini kikavu tu, kwa sababu dawa nyingine hung'oa huo mstari. Jaribu projekta kwanza kwa kipande cha filamu kisicho na thamani, dakika kumi nzima, ndipo uweke wa baba.

Kabla ya yote hayo, tafuta kitufe chekundu kwenye hiyo projekta na ukibandike plasta juu. Hicho ndicho cha kurekodi, na kurekodi juu ya mstari wa sumaku ni kufuta kilichokuwepo. Mwaka 1986 nilikuwa kijana dukani, nikaletewa mkanda wa arusi wa mama mmoja ili nimwoneshe. Nilitaka kupandisha sauti, nikashika pasipostahili. Sekunde kumi na moja. Zilikuwa dua aliyosoma babu wa bwana arusi, na babu alikuwa ameshafariki. Nilimwambia yule mama siku ile ile. Aliuliza kama picha imebaki, nikasema imebaki, akaondoka nayo. Tangu hapo sijawahi kuweka mkanda wa mtu bila plasta.

Ukishakuwa tayari, usinase sauti kwa simu mbele ya spika. Nyuma ya projekta nyingi za Ulaya za wakati ule, Eumig kwa mfano, kuna tundu la duara lenye vishimo vitano. Fundi atakutengenezea waya kutoka hapo hadi kwenye kompyuta, na programu ya bure kama Audacity itakutosha. Anza kurekodi kwenye kompyuta tangu mara ya kwanza mkanda unapopita. Nasisitiza mara ya kwanza, kwa sababu mstari mkavu unaweza kumeguka na kubaki kwenye hedi, na mara ya pili ukakuta pengo. Baba akisikika kama kitoto, mashine iko kwenye 24, irudishe 18.

Kuhusu kukata: wazuie kaka zako, tafadhali. Kwenye Super 8 ya sumaku sauti haikai pembeni mwa picha yake. Imetangulia picha 18, kwa sababu hedi iko baada ya lenzi kwenye njia ya mkanda. Ukikata pale shangazi anapofungua mdomo, maneno yake ya sekunde ya kwanza yamebaki kwenye kipande ulichotupa, na mwisho wa kipande ulichohifadhi una maneno ya mtu mwingine. Nimeona harusi zilizokatwa hivyo, kila mtu anaanza sentensi katikati.

Na huyo bwana? Kwa uzoefu wangu, anayesema mikanda haina kitu huwa anaitaka mashine. Projekta ya sauti inayofanya kazi, iwe Elmo ya Kijapani au Bauer ya Kijerumani, ina wateja dunia nzima. Kwa hiyo badilishaneni kwa haki. Mwambie: ukiitengeneza projekta na kunihamishia mikanda yote tisa kwenye kompyuta pamoja na sauti, nikaisikiliza mwenyewe mpaka mwisho, projekta ni yako. Mikanda inabaki kwenu. Akikataa, amekujibu alichokuwa anataka. Na ukipata mtu mwingine wa kuhamisha, muulize swali moja kabla hujampa chochote: mashine yako inasoma sauti ya sumaku? Wengi wana mashine nzuri ya picha isiyo na hedi, na watakurudishia shangazi yako bubu.

*Assalaam alaykum Ami. Nina mikanda ya marehemu mume wangu, harusi za Maskati za miaka ya themanini, watu wetu wote wa Unguja wamo. Nilikubaliana na binamu yangu Dar nimpelekee mikanda mitatu naye anipe kaseti zake za taarab za zamani. Nimefungua kopo nikakuta harufu kali ya siki. Nimpelekee vivyo hivyo?*
*Bi Mkubwa, Maskati*

Wa alaykum salaam Bi Mkubwa. Usimpelekee kwanza, na hasa usiweke kitu kingine kwenye sanduku hilo.

Harufu hiyo inatoka kwenye filamu yenyewe. Plastiki yake ni asetati, nayo ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuvunjika na kutoa asidi, ile ile iliyomo kwenye siki. Asidi ikishakuwepo huharakisha uvunjikaji, na chuma kilicho kwenye mstari wa sumaku kinaongeza mwendo. Ndiyo maana mikanda ya sauti huugua upesi kuliko ya bubu. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kuna kuichelewesha tu.

Toa ule wenye harufu, uweke mbali na mingine, maana mvuke wake huambukiza majirani. Kopo lililofungwa kabisa ni baya, chukua boksi la karatasi linalopumua, liweke kwenye chumba chenye ubaridi mkavu. Ya kwanza kuhamishwa ni hiyo inayonuka, hata kama ndani yake mna harusi usiyoijali sana. Ukiona imeanza kujikunja au kusinyaa, usiipitishe kwenye projekta, meno yatachana vitundu. Tafuta mwenye mashine inayovuta filamu kwa magurudumu laini bila meno. Kuna vikaratasi vya kupimia vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani. Ukifungia kimoja na mkanda hubadilika kutoka buluu kwenda kijani hadi manjano kadiri asidi ilivyo nyingi. Ukiweza kuagiza, agiza, vitakwambia upi uanze nao.

Binamu mpelekee nakala. Kaseti zake za taarab zinastahili, na akikuandikia orodha ya nyimbo nitafurahi kuiona.

*Mzee wangu, mimi ni mwalimu wa madrasa Mombasa. Nina filamu fupi nne za vichekesho za Super 8, za kununuliwa dukani zamani, zenye sauti ya Kiingereza. Rangi zote zimekuwa nyekundu. Rafiki yangu anataka tubadilishane, nami nataka kujua kama naweza kurekodi hadithi ya Kiswahili juu yake ili watoto waelewe.*
*Mwalimu, Mombasa*

Swali lako limenipendeza, Mwalimu. Wekundu huo haurudi nyuma. Rangi za filamu nyingi za wakati ule hufifia, buluu-kijani huondoka kwanza na nyekundu hubaki. Sauti ya sumaku haihusiani na rangi hizo. Picha inaweza kuwa kama imechovywa kwenye juisi ya rosela na sauti ikawa safi kabisa. Hizi, tofauti na mikanda ya Bi Mkubwa, zilichapwa nakala nyingi, kwa hiyo badilishana kwa moyo mweupe.

Kwanza tazama ukingo. Mstari wa kahawia ni sumaku, unaweza kurekodi. Ukiona badala yake mstari unaopitisha mwanga wenye mawimbi meusi kama meno ya msumeno, hiyo ni sauti ya mwanga, imechapwa pamoja na picha, na huwezi kuandika juu yake. Ikiwa ni sumaku na projekta yako ni ya njia mbili, yaani inaandika kwenye mistari yote miwili, weka Kiswahili kwenye ule mstari mwembamba wa upande wa vitundu na uache Kiingereza mahali pake. Ikiwa ni ya njia moja, nakili kwanza sauti ya Kiingereza kwenye kompyuta ndipo ufute. Andika hadithi yako, isome mara tatu huku filamu inapita kabla hujagusa kitufe. Dakika tatu ni fupi kuliko mtu anavyodhani. Usijaze maneno kila mahali, waachie watoto nafasi ya kucheka.

*Habari Mzee. Mimi napiga filamu fupi, niko Nairobi. Nimepewa nafasi ya kubadilisha lenzi yangu ya kamera kwa kaseti sita za Kodachrome 40 za sauti, KMA 594, hazijatumika, muda wake uliisha 1984. Ndoto yangu ni kupiga filamu yenye sauti ndani yake mwenyewe kama zamani. Nikubali?*
*Kijana wa Filamu, Nairobi*

Nzuri, mwanangu. Nitakueleza kilichomo kwenye hizo kaseti ili upime mwenyewe, lakini ningekuwa mimi lenzi ingebaki.

Namba uliyoitaja ni ya sauti kweli. Kaseti ya sauti ni ndefu kuliko ya bubu, kwa sababu chini yake kuna uwazi ambao hedi ya kamera huingia. Kwa hiyo unahitaji kamera ya sauti. Ya kawaida haitaipokea. Kinyume chake kinawezekana, kaseti ya bubu huingia kwenye kamera ya sauti, ila hutapata neno lolote. Kodak waliacha kutengeneza filamu ya sauti mwaka 1997, na tangu hapo kinachozunguka mikononi mwa watu ni masalia kama hayo yako.

Shida kubwa ni Kodachrome yenyewe, hiyo filamu ya rangi ya Kodak. Rangi zake hazikuwa ndani ya filamu. Ziliingizwa kiwandani wakati wa kusafisha, kwa njia ngumu isiyofanyika mezani. Maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, ilipokea filamu za mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Hakuna tena rangi ya Kodachrome, kwa bei yoyote. Bado kuna maabara zinazoweza kuisafisha ikatoka nyeusi na nyeupe, mradi wajue kuondoa ule mpako mweusi wa mgongoni. Usitarajie picha ya kung'aa. Filamu ya mwaka 1984 iliyokaa kwenye joto ina ukungu wake.

Sauti, kwa upande mwingine, itakuwepo. Hili wengi hawalijui. Kamera ya sauti huandika sumaku pale pale unapopiga, na dawa za maabara haziifuti. Picha ya Kodachrome imefungiwa mlango, mstari wa kahawia bado unasikia. Ukitaka kupiga kaseti moja ili usikie sauti yako inavyotoka kwenye mstari huo, ninakuelewa, nami ningefanya hivyo. Moja, si sita. Itikise na kuigonga kidogo kiganjani kwanza, maana filamu kuukuu hugandana ndani na kukwama. Kwa filamu yako ya kweli, tumia Super 8 mpya ya bubu ambayo Kodak wanaitengeneza hadi leo, na urekodi sauti pembeni kwa kinasa sauti chako. Hata kamera mpya ya Kodak ya Super 8 inafanya hivyo, sauti inakwenda kwenye kadi.

Lakini sikiliza hili kabla hujamjibu mtu huyo. Umeniandikia kwamba hazijatumika. Umezitazama? Kila kaseti ina dirisha dogo ambapo filamu inaonekana. Kaseti iliyopigwa hadi mwisho huonesha hapo neno la Kiingereza EXPOSED lililochapwa kwenye filamu. Mwaka jana nililetewa kaseti tano "mpya" kutoka kwenye boksi la mnada, na mbili kati yake zilikuwa na neno hilo. Kuna mtu alipiga dakika tatu za jambo fulani, hakupeleka maabara, akafa au akahama. Picha yake imesubiri dawa miaka arobaini. Sauti yake haikuhitaji kusubiri, iko mle tayari, imekamilika tangu siku ile.

Kaseti yenye neno hilo usiiweke kwenye kamera, filamu yake imeshakwisha. Usiivute filamu nje kwenye mwanga ili usikilize, utaua picha kwa ajili ya sauti. Ifunge kwenye mfuko mweusi, iandikie EXPOSED kwa kalamu, iweke kwenye friji ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, na ukiitoa iache saa kadhaa ipate joto la chumba kabla hujaufungua. Na zile zisizo na neno pia si lazima ziwe mpya: mtu anaweza kupiga nusu na kuitoa, na kwa nje hutajua. Muulize huyo mwenye kaseti alizipata wapi, pamoja na kamera ipi, na kama familia ya mwenye kamera bado ipo mjini. Akiwa na namba yao ya simu, ichukue. Niandikie ukishaongea nao.